Mwalimu Nionyeshe

Mimi sina subira, na dobini kwetu hakuna asiyejua. Kwa hiyo mwalimu alipotangaza kwamba wiki ya tatu nayo tutakaa na neno lile lile, "run", nilifunga daftari langu kwa kishindo.

"Mwalimu, mtihani wangu ni Jumatano. Maneno ya Kiingereza yapo maelfu, sisi tumeng'ang'ania moja tu kama ruba?"

"Haraka haraka..." akaanza.

"Hiyo baraka meneja wangu haijui."

Darasa zima likacheka, naye akacheka pia. Ndivyo alivyo, humkasirishi kirahisi.

Hoteli ninayofulia ilikuwa imeleta mashine mpya, na vitabu vyake vyote ni vya Kiingereza. Alitakiwa msimamizi wa kufua anayeweza kuvisoma. Nimefua pale miaka kumi na minane. Mwenzangu aliyeomba nafasi ile ni binti wa mapokezi, Kiingereza kinamtoka kama maji, ila shuka hajawahi kukamua hata moja. Niliapa siwezi kuamrishwa na mtu asiyejua kutofautisha doa la chai na doa la damu.

Darasa letu lilikuwa stoo ya nyumbani kwa mwalimu: mabenchi mawili, meza yenye kitambaa cha plastiki, na beseni. Kamusi hana. Ana daftari kubwa, na sheria moja: huandiki maana ya neno mpaka mtu aionyeshe kwa mkono. "Nionyeshe," anasema, basi jina likamganda. Fundi bomba, mwenzetu darasani, alifungua bomba la uani, maji yakatiririka. Nesi alituonyesha kamasi za mjukuu wake, tukaziamini bila kusogea karibu. Mimi nililoweka kitambaa chekundu pamoja na kitambaa changu cheupe cha kichwani, rangi ikachuja, na kitambaa kikaharibika hivyo hivyo. Akaandika: kuchuja rangi. Pembeni akaweka: dobi. Kila maana ina kazi ya aliyeionyesha pembeni yake.

Jumamosi ile niliyofunga daftari, alinibakisha wenzangu walipoondoka.

"Miaka ishirini na sita nilipiga chapa barua za Kiingereza ofisini," akasema. "Nukta haikunipotea. Siku moja mfagiaji wetu akaniletea barua yake nimsomee. Nilikuwa nimeipiga mwenyewe asubuhi ile. Nikaliona neno hili karibu na neno mkataba, nikabahatisha. Nikamwambia, mkataba wako unakimbia vizuri, baba. Kumbe umefika mwisho. Kesho yake akaja na shati jipya, wakamrudisha getini mbele za watu."

Nikalifungua tena daftari langu.

"Wanasema asiyejua maana haambiwi maana," akaongeza. "Uongo mtupu. Asiyejua aseme sijui, aonyeshwe."

Jumatano tukakalishwa ofisini kwa meneja, mimi na binti wa mapokezi, maswali ishirini. Nilikwenda nayo vizuri mpaka la kumi na nne. Likawa neno letu, lakini limefungiwa mkia nyuma, "run-on", ambao sijawahi kuuona. Nikapitisha moyoni maji, kamasi, rangi. Hakuna hata moja iliyokaa. Binti alikuwa ameshafungua ukurasa wa pili. Nilikuwa tayari kuandika lolote, kwa sababu nafasi ile niliitaka kweli kweli. Kisha nikaliona lile shati jipya pale getini.

Nikasimama. "Neno hili silijui. Naomba nionyeshwe kwenye mashine."

"Mama, huu ni mtihani wa karatasi," meneja akasema.

"Na nguo zitafuliwa kwa karatasi?"

Fundi aliyeleta mashine alikuwa ameketi pembeni. Akainuka, akasema ni haki, twende wote. Tukashuka. Akaiwasha mashine ya kukamulia, akaiacha ichanganye kasi, akaizima. Muungurumo ukakatika. Binti akanyoosha mkono afungue kifuniko, na mimi nikamdaka kifundo cha mkono kabla sijafikiri.

"Usiguse. Pipa la ndani bado linazunguka. Ngoja lijifie lenyewe."

Sina subira popote duniani isipokuwa mbele ya pipa la kukamulia. Niliwahi kuona mwenzetu akiacha kidole humo. Tulisubiri, pipa likapunguza, likapunguza, likasimama.

"Ndilo neno lenyewe hilo," fundi akasema. "Kuendelea kuzunguka baada ya kuzimwa."

Nikapanda ngazi, nikaliandika. Binti naye akafuta lake, akaandika upya, na njiani akanishukuru kwa kumwokolea mkono.

Ijumaa nikapewa barua. Jumamosi nikaingia stooni nayo mkononi, nikamsimulia mwalimu yote, na neno lenye mkia nikamtajia. Akapekua daftari lake lote, polepole, mpaka mwisho.

"Hilo sina," akasema.

Akatoka kwenye kiti chake, akaja kuketi benchini kwangu na penseli yake.

"Nionyeshe."

Nikachukua mfuniko wa sufuria, nikauzungusha mezani kwa nguvu, nikauachia. Ukazunguka peke yake, mkono wangu uko hewani. Yeye aliutazama tu mpaka ukatulia kabisa. Ndipo akaandika maana yake, na pembeni akaweka: msimamizi.