Isale la Mtendaji

Neno "kushirikishwa" linanitia kichefuchefu. Kwetu Uru tulishirikishwa ujenzi wa barabara wakati kifusi kilikuwa kimeshamwagwa juu ya mfongo, mfereji wa asili unaoshusha maji ya mlimani hadi kwenye vihamba vyetu, mashamba yanayozunguka nyumba zetu. Asubuhi ya zamu yake ya maji, mama yangu alikwenda kufungua akakuta mchanga mkavu. Migomba, kahawa, majani ya ng'ombe wake, vyote vilitegemea mfereji ule. Na kiangazi ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza.

Tulikwenda ofisini kwa mtendaji wa kijiji kudai kalavati, ili maji yapite chini ya barabara. Akajibu kwamba wananchi walishakubali. Nikamuuliza wananchi gani. Akaangalia simu yake. Ndiyo tabia yake, ukimuuliza jambo la maana anaangalia simu. Nilimchukia kuanzia siku ile, na sijaona sababu ya kuacha.

Manung'uniko yalipozidi, akaitisha mkutano wa kijiji. Yeye si mtu wa huku, lakini kuna mnafiki alimnong'oneza habari za isale. Kwetu Wachagga, aliyekukosea akikuletea jani la isale kuomba radhi, humkatalii, hata kama amekuchomea nyumba. Basi akaja na isale. Kwa kuwa mambo yetu hayajui, hakuleta jani. Alikata tawi zima pamoja na shina lake.

"Mama yangu, naomba unisamehe," alimwambia mama, akimkabidhi tawi mbele ya watu wote. Kisha akatugeukia sisi na kutuhubiria kwamba mila lazima ziheshimiwe, na kwamba isale halikataliwi wala halichezewi.

Mama akalipokea. Angefanyaje? Watu wakapiga makofi, na kabla makofi hayajaisha mtendaji akatangaza kuwa suala la mfongo limefungwa, tuingie ajenda ya usafi wa mazingira. Nikasimama kuuliza kalavati liko wapi. Nikaambiwa nikae, mwenye kihamba ameshasamehe. Huo ndio ushiriki wa wananchi, danganya toto tupu, na safari hii walikuwa wameiba hata mila yetu ili kutufunga midomo. Njiani kurudi nilimfokea mama, nikamwambia ametuuza kwa majani. Alikuwa ameshika tawi lake anatembea.

Kesho yake alichukua jembe, akafukua kifusi pale pale mfongo ulipozikwa, akalipanda lile tawi katikati ya barabara. Isale halisumbui kushika mizizi. Na kwetu, isale lililopandwa ni mpaka. Anayeling'oa anajitafutia laana, yeye na kizazi chake. Kanisani tunakwenda kila Jumapili, na bado hakuna anayeligusa.

Greda lilipokuja kumalizia kazi, dereva, Mchagga mwenzetu wa Marangu, aliliona akazima injini. Vibarua wakaweka makoleo chini. Mtendaji akaletwa, akaamuru ling'olewe mara moja. Safari hii kila mtu akaangalia simu yake. Mwishowe akalishika mwenyewe, na hapo mama mmoja aliyesimama ukingoni akamuuliza kwa upole kama si yeye aliyetufundisha kwamba isale halichezewi. Umati ulikuwa umeshajaa. Akaliachia, akajifuta mikono kwenye suruali.

Jioni alinipigia. Sauti ilikuwa imelainika, ananiita ndugu yangu. Akaniomba nimbembeleze mama aliondoe isale, barabara isikwame. Kwani si alimsamehe hadharani?

Nilimkuta mama jikoni anamenya ndizi za mtori. Nikamfikishia ujumbe kama ulivyo, nikangoja. Alimaliza kwanza ndizi aliyokuwa nayo mkononi.

"Mwambie msamaha nimempa," alisema. "Maji sijampa."

Nikampigia mtendaji, nikamweleza hivyo hivyo, nikakata simu bila kumuaga.