Vitabu Nilivyoviandika Vibovu

Saa tisa na dakika kumi alasiri, siku ya Alhamisi, mwenyekiti wa kamati ya kiwanda aliingia stoo akiwa ameshika daftari langu la vitabu. Saa hiyo naijua kwa hakika kwa sababu nilikuwa nimetoka kuiandika kwenye hati ya kutolea magunia. Aliliweka daftari mezani, akalifungua katikati, akasema, "Umetusaidia sana, mura. Kazi yote umeshaifanya."

Sikujua nimesaidia nini.

Nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda kidogo cha kuchambua pamba, Bunda, nikiishi Kabasa na mke wangu. Shule niliiacha darasa la nne. Mengine niliyajua kwa kusoma, na vitabu nilivipata katika chumba kimoja cha pale kiwandani, kilichojengwa enzi za kisomo cha watu wazima. Mwalimu wake alipohamishwa, ufunguo ulikabidhiwa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyejulikana kwa kutopoteza funguo. Kulikuwa na rafu nne. Katika miaka ile migumu, sabuni ikitoka kwa kibali na kitambaa kwa foleni, hakuna aliyeleta kitabu kipya, ila hakuna pia aliyeviiba vile vya zamani. Nilizisoma riwaya zote, kutoka kushoto kwenda kulia.

Kwa kila riwaya niliandika nusu ukurasa: kinachotokea, kilicho kizuri, palipoharibika. Chini niliweka neno moja kati ya matatu tunayoyatumia stoo tunapokagua mali: kizima, kinatengenezeka, kibovu. Daftari nililining'iniza kwenye msumari mlangoni ili wasomaji walione. Kwa miaka mitano nilidhani ninawafanyia wema.

"Vitabu arobaini na tatu umeviandika vibovu," alisema mwenyekiti. "Kitu kibovu kinakaa stoo?"

"Hapana. Kinafutwa kwenye leja na kuondolewa."

"Basi. Jumatatu anakuja mnunuzi na mizani yake."

Mnunuzi huyo nilimfahamu kwa kusikia. Alikuwa mfanyabiashara wa Iringo, Musoma, aliyenunua karatasi kwa kilo. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya biashara kuachiwa huru. Chumvi ilikuwepo, sukari ilikuwepo, misumari, karanga, na vyote vilihitaji kufungwa katika kitu. Magazeti ya zamani yalikuwa yamekwisha. Sasa ilikuwa zamu ya vitabu, na orodha ya kuanzia ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu.

"Viwili havipo," nilisema. "Vimeazimwa."

"Kavifuate."

Nieleze jinsi nilivyofikia hukumu zile, maana hazikuwa za kubahatisha. Riwaya za maisha ya sasa, zile zenye ofisi, nyumba za kupanga na mishahara, nilizipa kizima karibu zote. Ilikuwepo moja ya mwalimu wa kike anayejenga nyumba kwa saruji ya magendo. Niliijumlisha mifuko yake kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho, na hesabu ilikubali. Nyingine ilimhusu karani anayepokea hongo ya kwanza maishani mwake, redio ndogo, akashindwa kuiwasha nyumbani kwa kuogopa majirani. Hiyo mpaka leo naiona bora kuliko zote nilizosoma kuhusu ofisi, kwa sababu mwandishi wake anajua kwamba aibu huanza kabla ya kosa kujulikana.

Riwaya za ajabu nilizipima kwa kipimo hichohicho. Mji ambao mawe yake huhama kila baada ya mavuno: nani analisha watu wiki ile ambayo mashamba yamefunikwa? Mwandishi hasemi. Kibovu. Kitabu chenye jalada la kijani, kuhusu mwanamke anayeshuka katika ufalme ulio chini ya ziwa kuitafuta sauti ya mama yake: ukurasa wa kumi na nne anaingia na kamba yenye mafundo saba. Ukurasa wa sitini mafundo ni tisa. Hakuna aliyeyafunga. Niliandika, "Ziada ya mafundo mawili, haina maelezo." Kibovu.

Kitabu hicho cha kijani kilikuwa kimojawapo kati ya viwili vilivyoazimwa. Aliyekichukua alikuwa muuza dagaa kutoka kijiji kimoja cha rasini, ng'ambo ya Musoma. Alikuwa dada wa ukoo wa mke wangu, kwa hiyo aliniita shemeji na kunitania bila kuomba ruhusa.

Jumamosi nilipanda lori la kiwanda hadi Musoma, nikaazima baiskeli, nikafika kijijini kabla ya saa sita. Nilimkuta ufukweni na wanawake wengine wanne. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, eneo kubwa kama uwanja wa kanisa, na wanawake wamekaa pembeni wakiwafukuza yangeyange kwa fito. Shemeji alikuwa na kitabu cha kijani magotini, anasoma kwa sauti.

"Karibu, shemeji," alisema bila kusimama. "Umekuja kununua au kuhesabu?"

"Nimekuja kuchukua vitabu viwili."

"Siku zangu zimekwisha?"

Nilimweleza habari ya Jumatatu. Mwanamke mmoja aliuacha ufito wake chini, na ndege wawili wakatua.

"Vinafungiwa karanga?" aliuliza shemeji.

"Karanga, chumvi. Chochote."

"Na nani kasema ni vibovu?"

Yeye alilijua daftari. Lilikuwa mlangoni siku alipoazima.

"Shemeji," alisema, "sisi tuko ukurasa wa sitini. Unataka kumwacha yule mwanamke chini ya ziwa? Keti. Tukifika mwisho wa sura utachukua."

Niliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Alisoma sentensi moja, akanyamaza. Wote wakaitikia, "Ehe." Akasoma nyingine. "Ehe."

Kwetu, upande wa Butiama, mama yangu alisimulia hadithi hivyohivyo. Baada ya kila kauli alinyamaza, na sisi tuliitikia. Mtoto asipoitikia, hadithi inaishia palepale, na usimwombe mama aendelee. Ameshageukia kazi nyingine. Desturi hiyo niliijua kabla sijajua kusoma. Ila kwa umri wangu wote sikuwahi kufikiri kwamba inahusu kitu kilichopigwa chapa. Riwaya zote nilizisoma peke yangu, wakati wa chakula cha mchana, penseli mkononi, mdomo umefungwa.

Alifika mahali pa mafundo tisa. Nilijiandaa kuwaona wakikwama.

"Ngoja hapo," alisema mwanamke mmoja. "Si yalikuwa saba?"

"Saba," alisema mwingine. "Mimi niliyahesabu."

"Kwa hiyo nani kafunga mawili?"

"Mwandishi amekosea hesabu," nilisema. "Nimeshaandika."

Waliniangalia wote watano. Shemeji alifunga kitabu kwa kidole ndani. "Wewe umesomaga hiki kitabu mwanzo mpaka mwisho?"

"Nimesoma."

"Fundo moja ni la siku moja aliyotembea mpaka ziwani, si ndiyo? Sasa kuna siku mbili alilala chini kule, hakuzihesabu. Nani alikuwa macho?"

Mwanamke mzee kuliko wote, aliyekuwa hajasema neno tangu nifike, alisema taratibu, "Mama yake. Anatembea naye huyo. Anamhesabia."

"Anamtafuta mtu aliye nyuma yake," alisema shemeji. "Ehe."

"Haijaandikwa," nilisema.

"Shemeji, hata wewe mkeo akikuwekea chakula haandiki."

Walicheka, na mimi ilinibidi nitabasamu. Kisha wakabishana kwa muda mrefu kuliko ulivyochukua usomaji wenyewe: kama mama angefunga mafundo kwa mkono wa kushoto, kama binti angehisi, na kwa nini watu wa ufalme ule wanatakiwa kuacha langoni kumbukumbu moja ili wapewe chumvi. "Hiyo ni foleni yetu ya sabuni," alisema mmoja. "Ukitoka pale umesahau ulichofuata." Katika daftari langu, kuhusu lango hilo, niliandika, "Utaratibu huu haupo popote." Mimi mwenyewe nilikuwa nimepanga foleni ya sabuni kwa miaka minne.

Walinipa vitabu kwa sharti kwamba virudi. Sikuahidi. Nilisema nitajitahidi, na shemeji akasema, "Jitahidi kama unavyojitahidi kwenye magunia."

Jumapili baada ya ibada nilikaa mezani, Kabasa, nikakisoma cha kijani upya. Safari hii nilisoma kwa sauti, na mke wangu akichambua mchele aliitikia. Ukurasa wa thelathini na nane nilisimama. Sentensi ilikuwepo, fupi, mwisho wa aya: kamba siku hiyo ilikuwa nzito zaidi begani. Ukurasa wa hamsini na mbili ilikuwepo nyingine, kwamba aliamka na kukuta kamba imehamia bega la pili. Mara mbili. Mafundo mawili.

Miaka mitano nilikuwa nimeandika kwamba maelezo hayapo, na yalikuwepo. Upungufu haukuwa wa mwandishi. Ulikuwa wa mkaguzi.

Sitaki kusema kwamba riwaya zote za ajabu niliziona nzuri tangu siku ile. Ile ya mawe yanayohama bado naiona inachoka baada ya nusu. Mwandishi ana mji mzuri na hajui afanye nini na watu wake. Na ile ya mwalimu na saruji, ambayo hesabu yake ilikubali, nilijaribu kumsomea mke wangu jioni ileile. Baada ya kurasa nne aliacha kuitikia. Nilipomuuliza alisema, "Yote nimeyaelewa. Hakuna pa kuuliza." Hiyo ni hukumu sahihi, na ni fupi kuliko yangu.

Jumatatu mnunuzi alifika na mizani yake ya kuning'iniza, akaitundika kwenye boriti ya chumba. Mwenyekiti alikuwepo na wajumbe watatu. Vitabu vilifungwa kwa kamba ya katani katika mafungu manne, vikapimwa vyote, na cha kijani kikiwa juu kabisa ya fungu la mwisho. Mnunuzi aliandika uzito kwenye risiti. Hapo ndipo nilipoomba kusema.

"Ndugu mwenyekiti, daftari lina makosa. Naomba kuyasahihisha kabla mali haijatoka."

"Makosa mangapi?"

"Sijui bado. Nimepata moja, na linatosha kuitilia shaka orodha nzima."

Mjumbe mmoja aliguna. Mwenyekiti alitazama saa yake. "Mura, hivi ni vitabu vya majini. Wewe mwenyewe uliandika."

"Naomba nisome ukurasa mmoja."

Nilikichomoa cha kijani kwenye fungu. Nilisoma sentensi ya kwanza, nikanyamaza. Walingoja niendelee. Sikuendelea. Desturi ni desturi: pasipo mwitikio, hadithi imeishia hapo.

"Ehe," alisema mnunuzi.

Alisema bila kuinua macho kutoka kwenye risiti yake. Nadhani hakujua kwamba amesema. Nilisoma ya pili. "Ehe," alisema tena, na mjumbe mmoja pamoja naye. Katikati ya ukurasa waliitikia wote isipokuwa mwenyekiti. Mwanamke alipofika langoni na kuambiwa aache kumbukumbu moja, mwenyekiti akasema, "Ehe. Aliacha ipi?"

Nilifunga kitabu, nikakirudisha juu ya fungu.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Ukurasa umekwisha. Na kitabu kimeuzwa."

"Hebu malizia hapo langoni."

"Siwezi, ndugu mwenyekiti. Kimeshafutwa kwenye leja."

Mnunuzi ndiye aliyecheka kwanza. Aliiondoa mizani yake kwenye boriti, akaikunja. "Mzee," alimwambia mwenyekiti, "mimi nafunga karanga, sifungi hadithi ambayo haijaisha. Nikifika nayo dukani watu watadai kurasa zilizobaki." Kisha akanigeukia. "Aliacha ipi?"

"Njoo uazime," nilisema. "Wiki mbili. Unaandika jina hapa."

Aliandika jina lake, chini ya la shemeji. Kilipaswa kurudi rasini kwanza, kwa hiyo aliwekwa wa pili kwenye orodha, na mwenyekiti, baada ya kukohoa kidogo, akawa wa tatu. Kamati ilikaa dakika kumi nje chini ya upenu. Waliporudi walisema orodha ya vibovu imefutwa mpaka mtunza stoo atakapoihakiki upya, na hawakuweka tarehe ya mwisho.

Nimeihakiki kwa miaka mitatu sasa, kitabu kimoja kimoja, na kila kimoja kwa sauti, mbele ya mtu wa kuitikia. Maneno yale matatu nimeyaacha stoo yanakostahili. Mahali pake naandika ukurasa ambapo msikilizaji aliuliza swali, na swali lenyewe. Cha kijani kina maswali kumi na moja mpaka leo, na la mafundo limeulizwa mara nne na watu wasiojuana.

Vitabu vyote arobaini na tatu vipo kwenye rafu. Risiti ya mnunuzi niliihifadhi ndani ya jalada la daftari, kwa kuwa mali isiyotoka nayo ina hati yake. Kilo kumi na mbili, kila kilo shilingi ishirini na sita. Hasara ya kamati siku ile ilikuwa shilingi mia tatu na kumi na mbili.