Fundi Hortense na jipe iliyosahau kila asubuhi

Ni saa moja na robo asubuhi, na wanaume sita wameizunguka jipe moja ya kijivu kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mmoja bado ana mswaki mdomoni. Mwenye gari amekaa kwenye usukani, ufunguo mkononi, lakini hageuzi.

"Fundi, niwashe ao nisali kwanza?"

"Sali ukiwasha, Mama," anajibu Hortense Kahindo, akifuta mikono ambayo tayari ni mikavu. "Lakini washa."

Hortense ana miaka thelathini na mmoja. Ni mwanamke pekee katika gereji ya Chef Fabrice, pembeni mwa Bunia, kwenye barabara iendayo Nyankunde. Hashughuliki na injini wala breki. Yeye ni fundi wa ekran, kama watu wa hapa wanavyokiita kile kioo cha katikati ya dashibodi chenye redio, ramani na kamera ya kurudi nyuma.

Jipe hii imekuja kwake mara tatu ndani ya wiki mbili kwa ugonjwa uleule. Ikitoka gerejini, ekran inaimba vizuri. Kesho yake asubuhi inaamka imejifunga, imejaa maandishi ya Kijapani, inadai namba ya siri. Juzi Chef Fabrice alitamka mbele ya wote: ikifika hapa tena imejifunga, Hortense atafute pa kwenda. Nafasi yake atapewa muuza matairi.

Nafasi yenyewe ni meza moja chini ya bati, na waya mmoja wa umeme wa jenereta. Hortense aliisubiri miaka miwili, akilehemu redio za watu kwenye baraza la nyumba ya kupanga na kukusanya vyombo mbio kila mvua iliponyesha. Siku hizi wiki nzuri inamletea dola arobaini. Mume wake, Lambert, ni mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wa mwalimu tunaujua: unatembea kwa miguu.

Kwa hiyo ufunguo ule mkononi mwa Mama si wa jipe peke yake.

Magari mengi ya namna hii yamezeekea Japani kabla ya kuletwa huku kwa njia ya Uganda, na mpaka leo yanaongea lugha ya kwao. Hortense hajui Kijapani. Ana daftari la shule lenye jalada la maua, na ndani yake amechora zile herufi moja moja na kuzipa majina kwa macho yake mwenyewe.

"Hii ni kuku ndani ya sanduku. Ukimugusa, unapata ramani," anaeleza, kidole kikifuata mchoro. "Hii ni muzee mwenye kofia amesimama juu ya dirisha. Huyu ni mutu wa sauti. Ukimuona huyu, redio iko muzima."

Alianza kucheza na nyaya Butembo, kwa mjomba wake Katsuva aliyetengeneza redio. Mjomba alimfundisha kulehemu kabla hajajua kusuka nywele. "Mama yangu alikasirika," anakumbuka, anacheka. "Alisema, huyu mutoto ataolewa na antena."

Alikuja Bunia mwaka 2011. Sasa, miaka mitano baadaye, madereva wa Kilo na wa Boga wanamjua kwa jina. Ndiyo maana jipe hii ilimuuma. Mwenyewe ni Mama Marie-Claire, mfanyabiashara wa maharagwe aliyeinunua hivi karibuni na anayeiendesha bila dereva. Kabla ya kuelekea Boga lazima asikilize redio kujua barabara imelalaje.

"Redio njo askari yangu wa mbele," anasema Mama huyo. "Ikinyamaza, miye naenda kama kipofu. Na ile kamera! Siku moja bila kamera nilirudi nyuma nikaangusha lupango ya pasta, uzio yote chini. Pasta alinisamehe. Bibi yake bado."

Mara ya kwanza Hortense alibadilisha fyuzi. Mara ya pili alisafisha nyaya zote. Kila mara alipiga picha namba iliyotokea kwenye kioo, akamtumia jamaa mmoja wa Kampala, naye akamrudishia namba ya kufungulia. Na kila mara alimuuliza Mama Marie-Claire swali moja: kuna mtu anayetoa betri? Mashine hizi za zamani zikikatiwa umeme wote hudhani zimeibwa, basi zinajifungia.

"Hapana," alijibu Mama. Mara zote, hapana.

Juzi, mara ya tatu, Hortense alimfungua mgongoni binti yake Séphora, wa miezi tisa, akamkabidhi Mama Marie-Claire, kisha yeye mwenyewe akajilaza chini ya dashibodi. Mtoto hakulia. Alikuwa amepata kazi yake: alitumbukiza kidole kwenye tundu dogo la kitenge cha Mama, pale kiunoni. Halafu tundu la pili. La tatu. Akacheka na fizi zake zote.

Hortense alichungulia kujua mwanawe anachekea nini.

"Mama, hii kitenge iko ya zamani?"

"Ya zamani? Niliishonesha ku Pasaka!"

"Na hii matundu?"

"Panya."

"Panya gani anakula kiuno tu, tena upande moja?"

"Eh! Weye uko unatengeneza gari ao uko unatengeneza nguo?"

Matundu hayo Hortense aliyafahamu, anayo kwenye aproni yake mwenyewe. Ni maji ya betri. Tone likianguka huwezi kuliona, ila siku ukifua nguo linakuachia tundu. Alikwenda akafungua boneti. Ndani kote kulikuwa na vumbi jekundu la barabara ya Boga, lakini vichwa vya betri viling'aa kama vijiko vya harusi. Siku zote alivichukulia kuwa kazi nzuri ya fundi mwingine.

Safari hii hakuuliza kama inatolewa. Alisogea karibu ili wanaume wasisikie, akasema, "Mama, inalala wapi?"

Mama Marie-Claire alimtazama mtoto, si fundi.

"Chini ya kitanda yangu. Mu basini."

Miaka ile ya vita, watu wenye silaha waliingia uani kwake, wakawasha pickup iliyokuwa imemlisha yeye na watoto wake, wakaondoka nayo. Iliwaka papo hapo. Gari zima, betri nzima. Pickup ya jirani yake, ambayo haikuwa na betri siku ile, waliiacha. Tangu hapo, kila jioni kabla ya kufunga geti, Mama huyu anachukua spana, anatoa betri, anaibeba kiunoni mpaka chumbani.

"Wanasema sasa iko amani. Miye sikatai," anasema. "Lakini hii amani inalala jicho moja wazi. Miye pia. Na nilikuwa na haya ya kusema. Mutu mukubwa kama miye, kulala na batri kama vile bwana!"

Hortense alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. "Kumbe walikuwa wawili wanaogopa mwizi," anasema. "Mama anaogopa mwizi, anatoa batri. Mashine inaogopa mwizi, inajifunga. Na miye katikati natumikia woga ya wote wawili!"

Chef Fabrice alipoelezwa, aliona jambo limekwisha. "Umwambie aache woga, basi."

"Chef," alijibu Hortense, "woga haina fusible ya kubadilisha."

Jioni hiyo na jana mchana kutwa alifanya kazi ambayo hakuna aliyemfundisha. Alichukua kibetri kidogo, cha namna inayowekwa kwenye ving'ora vya wezi majumbani, akakificha nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Akakiunganisha na waya mmoja tu, ule unaoifanya ekran ikumbuke, na akaweka kizuizi ili umeme wake usipite kwingine. Jipe ikitembea, kibetri kinajichaji. Usiku betri kubwa ikienda kulala chumbani, kidogo kinabaki macho.

"Inatosha kukumbuka, haitoshi kuwasha," anasema, macho yanamng'aa. "Mama alale na batri yake. Ekran ikae na akili yake. Mwizi akuje, asukume mpaka achoke!"

Ndipo tulipofika asubuhi hii, wanaume sita na mswaki mmoja. Mama Marie-Claire ametoa betri chini ya kitanda saa kumi na mbili, ameifunga mwenyewe, ameendesha mpaka hapa ekran ikiwa imefunikwa kwa kitambaa cha kichwa. Amekataa kuitazama njiani, na sauti ameifunga. Hapa gerejini amezima injini. Sasa anavuta kitambaa, anafungua sauti, anageuza ufunguo.

Kioo ni cheusi. Moja. Mbili. Mtu mmoja anaguna, "Matairi hayo yanakuja."

Tatu.

"Muzee na dirisha yake!" anapiga kelele Hortense. "Muzee huyu hapa! Amevaa kofia!"

Na sauti ya mtangazaji inatoka katikati ya sentensi, kana kwamba usiku mzima haikuwahi kunyamaza, ikisema kwamba barabara ya Boga inapitika. Mama Marie-Claire anapiga vigelegele kabla hajashuka. Séphora anashtuka, anafikiria kulia, anaamua kucheka. Mwenye mswaki amemeza povu. Chef Fabrice anakuna shingo, anatazama meza iliyo chini ya bati.

"Muuza matairi atafute bati ingine," anasema. "Lakini usivimbe kichwa, Fundi."

"Kichwa iko sawa, Chef. Roho njo inavimba."

Wiki tatu zimepita tangu asubuhi ile. Hortense alidhani amemtibu mama mmoja. Lakini wameanza kuja, mmoja mmoja, wanaongea chini chini. Wa kwanza alikuwa Hippolyte, dereva wa njia ya Kilo.

"Fundi, ile kitu ya Mama Marie-Claire... Iko na rafiki yangu anaitaka."

"Na huyo rafiki yako anaazimaga suruali yako?" Hortense aliuliza, akinyoosha kidole kwenye matundu mapajani.

Mpaka leo ni kumi na mmoja. Yumo shemasi. Yumo mtu anayeficha betri ndani ya pipa la unga. Hortense anawafungia vibetri, haulizi historia ya mtu, lakini juu ya meza yake amepigilia ubao mmoja kama rafu, mtupu, na hakuna anayeruhusiwa kuweka kitu hapo.

"Ule ni wa kurudishia," anaeleza. "Siku mutu atalala bila batri chumbani, aniletee hii kidogo. Nataka ule ubao ujae. Hapo nitajua amani imefunga macho yote mawili." Mwakani anataka kuchukua wasichana wawili awafundishe, na daftari la kuku na wazee wenye kofia analinakili upya kwa ajili yao.

Saa kumi na moja jioni anafunga vyombo, anarudi nyumbani. Mama Marie-Claire, aliyepita kuleta maharagwe ya shukrani, anamwona uani ameinama kwenye pikipiki yake, anatoa kitu, anakitia mfukoni haraka.

"Fundi. Nini hiyo mu mufuko?"

"Si kitu, Mama."

"Onyesha."

Ni plagi ya pikipiki. Bila plagi, pikipiki haiwaki. Hortense huitoa kila jioni tangu aliponunua pikipiki, na kulala nayo chini ya mto. Wanatazamana, kisha wanacheka mpaka wanashikana mabega.

"Na miye nilidhani weye umenijua kwa sababu ya matundu!" anasema Mama, akijifuta machozi. "Kumbe mugonjwa anamujua mugonjwa. Ubao wako utajazwa na nani, kama mwenye ubao anaogopa?"

Hortense anaigeuzageuza ile plagi kiganjani. Halafu anapiga goti, anairudisha mahali pake, anaikaza kwa spana.

"Leo tu, Mama. Kwanza leo."

Asubuhi ya kesho yake, uani kwao, pikipiki ilikuwa palepale, na umande umekaa juu ya kiti.