Mlango wa Mlinzi wa Ngome

Ndugu yangu alilinda ngome huko Italia. Siku maiti yake ilipofika kijijini, Nyamache, hakuwa na nyumba. Kwetu mwanamume mzima hazikwi hivyo. Lazima apitishwe mlango wake kwanza, hata kama ni esaiga tu, kibanda cha kijana ambaye hajaoa.

Habari za ile ngome alinipa kwa simu, sijui kama nazikumbuka sawasawa. Ilijengwa kale na matajiri wa mikuki na farasi. Miaka mingi baadaye ikatengenezwa upya, akapewa mkubwa wa nchi aishi humo. Juu ya mnara aliwekewa taa. Ikiwaka, watu wa mabondeni walijua mwenyewe yuko. Ndugu yangu alilala chumba cha chini, kando ya lango.

"Dada, vyumba ni vingi mpaka nachoka kuvifunga," alisema akicheka. "Na hakuna hata kimoja changu."

Kwenye sehemu ya shamba ya ndugu yangu hapa nyumbani, baba mdogo alikuwa amepanda majani chai. Watu walimsema vibaya, lakini haki yake nimpe: marehemu ndiye alimwambia apande, shamba lisilale bure. Na asubuhi hiyo aling'oa mashina mwenyewe, tukapata pa kujenga.

Tulisimamisha fito, tukakandika, mabati tukayatoa jikoni kwangu. Mlango nilipima kwa mabega yangu, maana tulifanana. Mvua ikatukuta udongo ukiwa mbichi.

Sanduku likatolewa garini. Lilikuwa la huko Italia, pana, la vishikio vikubwa. Likagonga mwimo, likakwama.

"Lango la ngome lilipitisha farasi," shemeji alisema, "letu halipitishi mwenye nyumba." Wengine wakacheka. Simlaumu, alikuwa amebeba upande mzito.

"Tata," nikamlilia baba mdogo, "asirudishwe nje, nakuomba!"

"Kateni mwimo," akawaambia vijana. "Nyinyi wengine shikeni mabati."

Vijana wakainua paa kwa mikono, udongo ukiwadondokea machoni. Ndugu yangu akaingizwa, akatolewa. Walipoachilia, nyumba yote ililala chini.

Tukamzika kando ya zile fito. Baba mdogo anasema alipita kwake, imetosha. Pengine ni kweli, yeye anajua mila kuliko mimi. Lakini mlango niliompimia mimi haukuwepo tena alipopita, na sijui kama hiyo inahesabika.