Gobore Ndani ya Kanga

Kila nikipita kwenye lile geti la msitu wa hifadhi natema mate. Si tabia njema kwa mwanamke wa umri wangu, najua, na mama yangu angekuwa hai angenikanya. Lakini natema.

Shamba la baba liko ng'ambo ya msitu huo, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kijijini kwetu, bara ya Nangurukuru. Analima muhogo na mahindi, na nguruwe pori wanalijua shamba lile kuliko bwana shamba. Kwa hiyo baba alikuwa na gobore, lile la kushindilia baruti mdomoni, na leseni yake iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa akipiga juu kuwatisha tu. Akimuua nguruwe, alisema, nani atamla? Itabaki kazi ya kumzika.

Mwaka mmoja nilikwenda likizo kumsaidia kulinda, maana mahindi yalikuwa yameanza kukomaa. Asubuhi tulipotoka, njiani palikuwa na msiba. Jirani yetu kafiwa na mkewe, wanaume wamejaa barazani. Kwetu mtu hapiti na bunduki wazi mbele ya wafiwa. Ni utovu wa adabu, watu watakusema mpaka arubaini. Nikavua kanga yangu ya juu, nikalifunga gobore kuanzia kitako hadi mdomo, baba akatikisa kichwa kuridhika. Tukapita, tukatoa pole, tukaendelea na safari. Kulifungua tena hatukukumbuka.

Pale getini pana ubao: ni marufuku kuingia hifadhini na silaha bila kibali cha maandishi. Askari wa misitu aliyekuwepo miaka yote alimjua baba, akimwona anamwambia pita mzee wangu. Siku hiyo tulimkuta mpya, kijana wa buti zinazong'aa.

"Mzee, umebeba nini humo?"

Hata shikamoo hakutoa, na baba ni wa kumzaa baba yake.

"Gobore, mwanangu. Naenda kulinda shamba. Leseni yangu hii hapa."

"Leseni ni ya kumiliki. Kibali cha kupita nalo hapa kiko wapi? Halafu umelificha kwenye nguo. Mtu anayeficha silaha ana nia mbaya."

Baba akamweleza habari ya msiba, taratibu, kama anavyomweleza mtoto. Yule kijana akacheka. Alicheka kweli, mbele ya mtu aliyetoka kuhani msiba dakika chache nyuma.

Hapo likasimama gari jeupe. Akashuka bwana mmoja mnene, wa mambo ya mbao nadhani, akainama kusaini kitabu cha wageni kwenye meza fupi. Shati likapanda. Kiunoni, kati ya mkanda na nyama, palikuwa na bastola nyeusi. Niliiona. Askari naye aliiona, nilimwona akiiona. Akamsogelea, akalishika lile shati kwa vidole viwili, akalivuta chini.

"Bosi, shati limepanda."

Angegeuza uso tu ningemwelewa, mwenye nguvu mpishe. Lakini kumfunika mtu mzima kama mama anavyomfunika mtoto, halafu ukakimbia kuinua kizuizi! Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ule wa pale getini ulikuwa na meno upande wetu tu.

"Na yule je?" nikauliza gari lilipokwishapita. Sauti yangu ilikuwa juu, nakiri.

"Yupi?"

"Mwenye bastola kiunoni. Kibali chake umekiona?"

"Dada, wewe umeona bastola. Mimi nimeona mgeni."

Nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Baba akanigusa mkono ninyamaze. Askari naye sasa alikuwa amekasirika, akatoa karatasi, akasema aliyeificha silaha atakwenda kituoni siku hiyo hiyo.

"Nani kalifunga hili?"

Alikuwa ananitazama mimi. Kanga ya pili, doti moja na ile ya kwenye gobore, ilikuwa kiunoni mwangu. Hata kipofu angepapasa akajua.

"Mimi," baba akasema.

Askari akaandika. Baba akaweka dole gumba. Akapanda nyuma ya pikipiki ya askari akiwa ameshika kofia yake isipeperuke, gobore likiwa limelazwa mapajani kwake, wazi sasa.

Alirudi baada ya siku mbili. Gobore halikurudi, walisema ni kielelezo, na mpaka leo ni kielelezo. Siku hizo mbili nilikaa juu ya dungu la kulindia shamba nikipiga debe mpaka viganja vikachubuka, nguruwe wakanizoea, wakala nusu ya mahindi mbele ya macho yangu. Baba aliliangalia shamba. Akauliza kama nimekula.

Nimewasimulia watu wengi habari ya shati lile, na wote hukunja uso. Sehemu nyingine huwa naiacha. Nilikuwa na mdomo wa kuuliza bastola ya mtu. Wa kusema "nimelifunga mimi" sikuwa nao.