Supu ya Jumamosi

Mimi ni mwoga wa sindano tangu utotoni, na umri haujanisaidia. Kwa hiyo asubuhi ile nilipomsindikiza mama hospitalini Machakos, nilidhani hofu yangu yote ni ya zile sindano nyembamba zilizopangwa kwenye trei zikilingoja goti lake.

Goti lilikuwa limemtesa kwa miaka. Vidonge vya maumivu alikatazwa, kwa sababu tangu damu igande mguuni mwake alikuwa akimeza kila jioni dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, na dawa hizo mbili hazipatani. Ndipo kliniki ikamtuma kwa daktari mmoja, kijana mpole mwenye utani, anayefanya tiba ya sindano za Kichina katika chumba cha mazoezi ya viungo cha hospitali, karibu na wazee wanaojifunza kutembea upya. Mama alifurahi. Alisema bora achomwe kuliko kubaki ameketi kanisani wenzake wakisimama kuimba.

Daktari alisoma kadi yake, akaridhika na kipimo cha damu cha mwezi uliotangulia, kisha akauliza, akimwita bibi kwa Kikamba, "Susu, kuna dawa ingine unatumia? Ya miti, ya kienyeji, yoyote?"

"Aiya!" mama akang'aka. "Mimi ni mtu wa kanisa, daktari. Hiyo maneno ya waganga mimi sijui."

Hakuwa anadanganya. Kwetu mizizi iliyochemshwa na mifupa ya ng'ombe si dawa, ni supu. Unaipika Jumamosi, unaitia kwenye thamosi, unakunywa kikombe kila asubuhi na kusema umepata nguvu, basi. Dawa ni kitu unachopewa na mtu unayemwogopa. Mizizi hiyo niliinunua mimi mwenyewe sokoni Katangi, kwa mwanamke anayeuza pia nyanya, aliyeniambia inalainisha magoti. Nilikuwa nimempikia mama kwa wiki tatu.

Nikanyamaza. Nilijiambia supu ni supu. Nilijiambia pia kwamba mtoto hamsahihishi mama yake mbele ya watu, hata mtoto mwenye mvi kama mimi. Yote hayo yalikuwa visingizio. Niliogopa kugombezwa.

Sindano ziliingia na mama hakukunja hata uso. Aliyefumba macho ni mimi. Baada ya kama nusu saa daktari akazichomoa, na moja, ile ya chini ya goti, ikaacha tone la damu. Akabana na pamba. Alipoachilia, likatoka tone jingine. Akabana tena, safari hii kwa muda mrefu, na utani wake wote ukakauka. Aliposogeza juu kidogo leso aliyojifunga mama, nikaona mabaka meusi kwenye paja lake, mapana kama viganja.

"Susu, ulianguka?"

"Sijaanguka. Hiyo inakuja tu yenyewe."

Hata mimi hakuwa ameniambia.

"Na uko na hakika hakuna kitu ingine unakunywa?"

"Hakuna," mama akasema, uso mkavu kabisa.

Akilini nikamwona akijigonga kichwa kwenye mlango wa jikoni, kidogo tu kama anavyojigonga siku zote, na damu ikimwagika ndani bila mtu kujua. Nikaona pia Jumamosi ijayo, mimi nikikoroga sufuria.

"Ni mimi, daktari," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa shule. "Namwekea mizizi kwa supu. Wiki tatu sasa."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alimwita muuguzi upesi, damu ikatolewa ikapimwe.

Tukingoja majibu, mama alinigeukia. "Hiyo supu? Si ulisema ni ya nguvu?"

"Nilisema, mama."

"Na sasa?"

Nililia pale pale, mbele ya wale wazee na magongo yao.

Damu ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Alilazwa siku tatu, akadungwa dawa ya kuirudisha sawa, na kwa bahati hakuna kilichokuwa kimevuja ndani. Daktari alituambia vidonge anavijua lakini mizizi hiyo yeye haijui, kwa hiyo visikutane tena tumboni mwa mama.

Siku hizi sindano zimemsaidia, anasimama wimbo mzima. Majirani wananisifu kwa kumtunza. Lakini kila tukirudi kwa daktari na mama akiulizwa anakula nini, anakunywa nini, yule mwanamke aliyetulea sisi sita peke yake hajibu tena. Ananigeukia, anangoja nimjibie. Ananiangalia kwa imani ileile aliyokuwa nayo nilipokuwa nikimpa kikombe, nami ninamtajia daktari kila kitu, hata maji.