Ndege Amenyamaza

Kazi ya Tochi mgodini ilikuwa kubeba tundu la ndege, maana gesi ya sumu haina harufu na ndege huanguka kabla ya binadamu. Ndiyo maana Waingereza humwita anayetangulia kuonyesha hatari "ndege wa mgodini".

Juzi ndege alinyamaza. Tochi akapiga yowe, wachimbaji wote wakatoka nduki. Kumbe ndege kalala! Wakamcheka mpaka mbavu zikawauma.

"Kesho lete kuku, shemeji," mume wa dada yake akamtania, "angalau tutamla."

Kesho yake ndege akanyamaza tena. Wakimcheka tena je? Tochi akasubiri. Akatikisa tundu, ndege hakuamka. Alipogeuka kupiga yowe, shemeji yake alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kimeinama, kama aliyelala.